Ameshtakiwa kwa Kosa Gani Hasa?

 Popote ulipo, msikilizaji, uwe umeshatulia sebuleni, uwe kwenye daladala unarudi nyumbani, au bado uko kibandani unafunga hesabu za siku, nakuomba sikio lako kwa muda mfupi.

Leo nataka tuzungumze habari ya wasanii wanaotiwa ndani kwa sababu ya kejeli za kisiasa. Wachekeshaji, waimbaji, washairi, wachora vibonzo. Watu ambao kazi yao ni kumtazama mkubwa, kumwiga anavyotembea, kumchora pua ndefu kidogo kuliko aliyojaliwa, na sisi tukacheka. Habari kama hiyo ikitangazwa, vijiweni tunabishana jambo moja: je, alichosema kilikuwa sawa, au alivuka mpaka? Ni swali zuri, na baadaye nitaligusa. Lakini kuna swali jingine ambalo kwa maoni yangu linatangulia, na ndilo nililokuletea jioni hii. Nalo ni hili: ameshtakiwa kwa kosa gani hasa?

Lishike swali hilo, maana ndilo tutakalotembea nalo mpaka mwisho. Ameshtakiwa kwa kosa gani hasa?

Tuanzie nyumbani, hapa Dar es Salaam, mwezi wa Mei mwaka 2020. Mchekeshaji Idris Sultan, yule aliyerudi na ushindi wa Big Brother Africa mwaka 2014, alijirekodi akiangalia picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Katika picha ile Rais amevaa suti kubwa inayompwaya. Idris akacheka. Hakutoa hotuba wala hakuunda chama. Alicheka tu, cheko la mtu aliyeshindwa kujizuia, na video ikasambaa simu kwa simu. Polisi wakamwita, akalala mahabusu siku kadhaa. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Oktoba 2019, Rais alipotimiza miaka 60, Idris alitengeneza picha za kubadilishana sura, uso wake ukakaa kwenye kiti cha Rais na uso wa Rais ukakaa kwenye mwili wake. Mkuu wa Mkoa wa wakati ule akamtaka, hadharani, aende kujisalimisha polisi.

Sasa twende Mahakama ya Kisutu, Mei ile ya 2020, tusikilize hati ya mashtaka inavyosomwa. Kosa lilikuwa kucheka? Hapana. Lilikuwa habari ya suti? Hapana. Idris alishtakiwa kuhusu laini ya simu, kwamba alitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine bila kutoa taarifa kwamba umiliki umebadilika. Laini ya simu, msikilizaji!

Mwaka 2020 unaukumbuka. Januari 20 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, na bila kitambulisho cha Taifa, au angalau namba yake, husajiliwi. Unazikumbuka foleni za NIDA? Basi jiulize kimoyomoyo, usinijibu mimi: ndani ya nyumba yako, ni laini ngapi zilisajiliwa kwa jina la mjomba, la dada, la mpangaji mwenzako aliyebahatika kupata namba mapema? Sisemi ni halali. Sheria ni sheria. Nauliza tu, kati ya watu wote wenye laini za namna hiyo, aliyefikishwa Kisutu siku ile alitofautiana na wengine kwa lipi? Nadhani jibu unalo.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza kati ya tatu za kumtia ndani msanii wa kejeli, nami naiita kosa la pembeni. Mtu anakamatwa kwa hili, anashtakiwa kwa lile. Hapa nimetaja laini ya simu, lakini kosa la pembeni linaweza kuwa leseni, kibali cha ukumbi, kodi, au kuendesha chaneli ya mtandaoni bila kusajiliwa. Kosa lenyewe linaweza hata kuwa la kweli. Ila silo lililowatoa askari kituoni.

Njia ya pili tuifuate Kampala. Kosa linatajwa, lakini ni pana mno, kiasi kwamba yeyote anaweza kuingia ndani yake.

Kule Uganda kuna kundi la wachekeshaji liitwalo Bizonto, vijana wanne wanaochekesha kwa Kiganda. Mwezi wa Julai 2020 walitoa kichekesho ambacho, ukikisikia bila kujua mambo ya Uganda, ungedhani ni ibada. Waliwaomba wananchi wawaombee dua viongozi wao. Kisha wakaanza kuwataja viongozi hao, mmoja baada ya mwingine, jina na cheo. Basi. Kichekesho kilikuwa wapi? Kilikuwa kwamba wakubwa wale waliotajwa wote wanatoka upande mmoja wa nchi, upande wa magharibi anakotoka Rais Yoweri Museveni. Wale vijana hawakulisema hilo. Waliacha orodha iseme yenyewe.

Wakakamatwa. Kosa gani hasa? Wakaambiwa wanachochea ubaguzi, ule ubaguzi wa dini, wa kabila, wa mahali anakotoka mtu. Tazama jambo hilo lilivyogeuka. Aliyepanga vyeo kwa namna ile hakuulizwa kitu, na aliyevisoma kwa sauti ndiye aliyelala rumande. Baada ya siku chache waliachiwa kwa dhamana ya polisi.

Mfano wa pili wa Uganda ni mzito zaidi. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija mwaka 2020 alitoa riwaya ya kejeli, The Greedy Barbarian, kisa cha mtawala mlafi katika nchi ya kubuni. Nchi ni ya kubuni, lakini wapo waliomtambua mtu wao, na Kakwenza akakamatwa. Desemba 2021 akakamatwa tena, safari hii kwa maneno aliyoandika mtandaoni akimkejeli mtoto wa Rais, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, pamoja na unene wake. Alipofikishwa mahakamani Januari 2022, kosa lake liliitwa mawasiliano ya kuudhi. Alipopata dhamana alisema aliteswa kizuizini, akaonesha makovu mgongoni, kisha akakimbia nchi.

Mawasiliano ya kuudhi. Yamuudhi nani? Kwa kiasi gani? Anapima nani? Mimi nikisema ugali wa dona ni mtamu kuliko wa sembe, naweza kumuudhi jirani yangu hapa hapa. Sheria ikisema usiue, unajua la kufanya ili uitii. Sheria ikisema usiudhi, huwezi kujua umeivunja mpaka aliyeudhika ajitokeze. Na katika siasa, anayejitokeza akasikilizwa haraka ni mwenye madaraka.

Njia ya tatu ndiyo fupi kuliko zote. Kosa halitajwi kabisa.

Tuvuke mpaka kwenda Kenya, mwaka 1977. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijikusanya wakajenga jukwaa kwa mikono yao, wakacheza mchezo wa Kigĩkũyũ uitwao Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ni mchezo wenye nyimbo na vichekesho, unaowachora matajiri wapya wa baada ya uhuru, wenye msalaba mkono mmoja na hati ya shamba la mtu mwingine mkono wa pili. Watu walikuja kwa malori na kwa miguu. Novemba ile ile kibali cha kuonesha mchezo kikafutwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani kwake, akapelekwa gereza la Kamiti, akakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka Desemba 1978.

Ameshtakiwa kwa kosa gani hasa? Hakuna. Hakuna hati, hakuna hakimu, hakuna shahidi. Ilikuwa amri ya kuwekwa kizuizini, imetiwa saini, imekwisha. Humo gerezani akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shetani Msalabani. Huenda unasema, ah, hayo ni ya zamani. Basi nikupe ya juzi. Desemba 24, 2024, Nairobi, mchora vibonzo Gideon Kibet, aliyejulikana kwa michoro yake ya vivuli vya Rais William Ruto, alitekwa. Alionekana tena Januari 6, 2025. Polisi walikana kuhusika. Huyo hata kituo cha polisi cha kwenda kumuulizia hakikuwepo.

Nirudie kidogo kwa aliyejiunga nasi sasa hivi. Tunazungumza habari ya wasanii wanaofungwa kwa kejeli, na tumesema njia ni tatu. Ya kwanza, kosa la pembeni, kama laini ya simu. Ya pili, kosa pana mno, kama kuudhi. Ya tatu, hakuna kosa linalotajwa, mtu anatoweka tu. Sasa swali linalofuata: kwa nini? Kwa nini mwenye nguvu zote hizo, mwenye polisi, magereza na waendesha mashtaka, asisimame mahakamani akasema wazi, huyu nimemkamata kwa kuwa amenicheka?

Kumbuka ulipokuwa darasani. Mwalimu anaingia, anakuta ubaoni pamechorwa mtu mwenye masikio makubwa na tumbo limetangulia. Mwalimu mwenye hasira atauliza, "Nani amenichora mimi?" Darasa zima litaanguka kwa kicheko, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yule ni yeye. Mwalimu mjanja hafanyi kosa hilo. Anafuta ubao kimya kimya, kisha anasema leo tutakagua kucha, na yule anayemshuku anakuwa wa kwanza kunyoosha mikono.

Wapo waliouliza swali la yule mwalimu wa kwanza, tena mahakamani. Ilikuwa Paris, Novemba 1831. Mfalme wa Ufaransa wakati huo alikuwa Louis-Philippe, aliyeingia madarakani mwaka mmoja kabla kwa nguvu za mapinduzi, akiahidi uhuru wa magazeti. Charles Philipon, mwenye gazeti la vibonzo La Caricature, alishtakiwa kwa kumchora mfalme kama fundi anayepiga lipu ukutani, anafuta alama zote za mapinduzi yale yale yaliyomweka. Waendesha mashtaka wakasema kwa kinywa kipana, huyu fundi ni mfalme, angalieni sura.

Philipon akaomba karatasi. Akachora mbele ya mahakama sura ya mfalme jinsi ilivyo, ndevu za mashavuni na kidevu kizito. Akachora ya pili, imepunguzwa kidogo. Akachora ya tatu, imepunguzwa zaidi. Ya nne ilikuwa tunda la peasi, haya haya mapeasi yanayotujia kutoka Lushoto, membamba juu na manene chini. Hoja yake ilikuwa hivi: kama kufanana na mfalme ni kosa, basi mchoro wa kwanza ni kosa, wa pili unafanana na wa kwanza, nao ni kosa, wa tatu unafanana na wa pili, na mkifika wa nne itawabidi mlishtaki kila peasi lililoko Ufaransa.

Alishinda kesi? Hakushinda. Alifungwa miezi 6 na kutozwa faini. Lakini peasi likatoka mahakamani likiwa huru. Watoto wakalichora kwenye kuta za Paris. Mwenzake Philipon, mchoraji kijana Honoré Daumier, naye alimchora mfalme kama jitu limeketi kwenye kiti, maskini wanampandishia vikapu vya fedha mpaka kinywani, na chini ya kiti zinadondoka nishani za wapambe wake. Daumier akapewa miezi 6, akaionja jela ya Sainte-Pélagie mwaka 1832. Mwaka 1835 serikali ikachoka kubishana na matunda mahakamani. Ikapitisha sheria kwamba mchoro wowote upate kibali kabla haujachapishwa. Kibali, msikilizaji! Unaona tulivyorudi kwenye njia ya kwanza? Kuanzia hapo mchoraji hashtakiwi kwa kumchora mfalme. Anashtakiwa kwa kukosa karatasi.

Ndiyo maana nasema swali letu lina uzito. Pale kosa lilipotajwa kwa jina lake, mtawala alilazimika kukiri hadharani kwamba mchoro unafanana naye, na umma ukapata nafasi ya kupima kama kumchora mtu kweli ni jinai. Kosa likifichwa nyuma ya laini ya simu, nafasi hiyo hatuipati. Tunabaki kubishana kama laini ilisajiliwa vizuri.

Lipo na jambo jingine linalotupotosha, nalo ni furaha yetu mtu anapoachiwa. Machi 2017, msanii wa bongo fleva Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake Wapo, wimbo wa vijembe kwa wakubwa. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Siku iliyofuata Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais ameupenda wimbo, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe redioni, na akashauri uboreshwe kwa kuongezwa watu wengine wa kukemewa, wakiwemo wakwepa kodi. Tulifurahi, na mtu kutoka mahabusu ni jambo la kufurahia. Lakini tulirudie swali letu. Kama wimbo ulikuwa kosa, kupendwa na Rais kuliufutaje? Na kama haukuwa kosa, polisi walimfuata kwa lipi? Wimbo uleule, maneno yaleyale, Jumapili ni uchochezi, Jumatatu ni burudani. Msanii aliyefunguliwa na hisani anajua kwamba hisani inaweza kugeuka, na safari nyingine atajikata ulimi mwenyewe kabla hajafika studio.

Sasa najua wapo wazee wangu wanaonisikiliza wakitikisa kichwa. Wanasema, mwanangu, haya ya kumkebehi mkubwa si mila zetu. Kwetu mkubwa anastahiwa. Shikamooni, wazee wangu. Naomba niwajibu kwa heshima zote, na kwa kuwakumbusha jambo mnalolijua kuliko mimi. Utani.

Nchi yetu ina mila inayompa mtu ruhusa kamili ya kukebehi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana kwenye njia za misafara ya biashara. Nao ni watani. Na utani huu hauishii sokoni. Unaingia hadi msibani. Mmeona wenyewe mtani anavyozuia jeneza lisipite mpaka alipwe, anavyoingia kaburini akalala na kukataa kutoka, anavyomwiga marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, mbele ya mjane na watoto. Na wafiwa, je? Wanacheka huku machozi yanatoka. Atakayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Kama mila inaruhusu kejeli saa ya msiba, kwenye kaburi lililo wazi, itawezaje kukataza kejeli kuhusu suti?

Na viongozi wetu wanalijua hilo vizuri. Mara ngapi umewasikia majukwaani wakiwatania watu wa kabila fulani, uwanja mzima ukacheka? Vyema kabisa. Ila utani una sharti moja ambalo kila mtoto wa Kitanzania analijua: ukitania, utataniwa. Mwenye kutania na kukataa kutaniwa amejitoa mwenyewe kwenye utani.

Lakini nisikwepe swali gumu. Ipo kejeli inayoumiza, na sitajifanya haipo. Dk. Stella Nyanzi wa Uganda, msomi na mshairi, Septemba 2018 aliweka Facebook shairi kuhusu siku ya kuzaliwa ya Rais Museveni. Shairi lile lilikuwa na maneno makali ya mwilini, tena lilimgusa mama mzazi wa Rais, ambaye ni marehemu. Siwezi kulisoma hapa redioni, na wengi wetu tusingependa watoto wetu walisikie. Kwetu mama wa mtu hatukanwi. Nyanzi mwenyewe alijua anavunja mwiko. Aliuvunja makusudi, maana kwa hoja yake lugha ya adabu ilikuwa imetumika miaka zaidi ya 30 na hakuna aliyeisikia.

Akapelekwa gereza la wanawake la Luzira kuanzia Novemba 2018. Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Kosa gani hasa? Usumbufu wa mtandaoni. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu, ikasema mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi ile. Alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya mwaka, na alitoka na kitabu kizima cha mashairi aliyoyaandika humo.

Naona hivi, nawe una haki ya kunipinga. Unaweza kulichukia shairi la Nyanzi. Unaweza kulikemea, kulijibu kwa shairi, kumsusia mtunzi, na mwenye kuona jina lake limechafuliwa akafungua kesi ya madai kama mwananchi mwingine. Zamani Mombasa na Lamu washairi walijibizana kwa tungo kali, na aliyeshindwa aliaibika mbele ya watu. Gereza linafanya kazi nyingine. Linachukua ugomvi wa watu wawili kuhusu adabu na kumpa mmoja wao funguo za selo.

Je, ina maana msanii asishtakiwe kwa lolote? Hapana, nisieleweke vibaya. Na hapa naomba nizungumze kama mtu wa redio, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa redio kuliko wengine. Kuanzia Julai 1993 kulikuwa na redio huko Rwanda ikiitwa RTLM. Ilichekesha. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji walipiga soga na mizaha, vijana waliipenda. Na ndani ya mizaha ile iliwafundisha watu kuwaona majirani zao kuwa wadudu. Mwaka 1994 mizaha ikawa maelekezo ya nani auawe.

Mwimbaji mashuhuri wa Rwanda, Simon Bikindi, alishtakiwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda. Makosa yalikuwa 6, na nyimbo zake zilikuwa sehemu kubwa ya kesi. Hukumu ilitoka Desemba 2008. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo zile zilitumika kueneza chuki. Lakini haikumtia hatiani kwa nyimbo. Ilimtia hatiani kwa kosa moja tu, kwamba mwezi wa Juni 1994, akiwa barabarani kwenye msafara wa magari, alitumia kipaza sauti kuwahimiza watu waue. Akafungwa miaka 15.

Angalia umakini ule. Kesi ya mauaji ya kimbari, uchungu wa dunia nzima, na bado majaji wakauliza: alisema nini, wapi, lini, kwa nani, akitaka kitokee nini? Wakachambua wimbo mbali na amri ya kuua. Sasa kama mtu aliyeshtakiwa kwa jambo zito kiasi kile alipewa swali la kosa gani hasa, mchekeshaji wa suti ananyimwaje?

Na hiyo ndiyo tofauti ya kushika. Kejeli inayoelekezwa juu, kwa mwenye kiti, inamuumiza heshima. Uchochezi unaoelekezwa kwa majirani wasio na kinga unawaumiza shingo. Sheria inayoviweka vyote viwili kwenye kapu moja la "kuudhi" haiwalindi hao majirani.

Habari njema ni kwamba mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeanza kuliona hilo. Aprili 2016, Mahakama Kuu ya Kenya ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumika kuwakamata watu kwa maandishi ya mtandaoni, ikisema maneno yake hayana mipaka inayoeleweka. Januari 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikakifuta kile kifungu cha mawasiliano ya kuudhi alichoshtakiwa nacho Kakwenza. Kwake yeye uamuzi ulichelewa karibu mwaka mzima, alikuwa ameshakuwa mkimbizi. Lakini kumbuka zilivyopatikana hukumu hizo. Walikuwepo raia waliokwenda mahakamani na swali lilelile: kosa hasa ni lipi, na limeandikwa wapi?

Kabla sijakuaga, nikuachie kazi. Safari ijayo ukisikia msanii amekamatwa, iwe hapa, Nairobi, Kampala, Bujumbura au Goma, usianze na kama wimbo wake ni mzuri. Anza na hati ya mashtaka. Ipo au haipo? Kama haipo, hilo pekee linatosha kukusimamisha. Kama ipo, kosa lililoandikwa ndilo lililomfanya akamatwe, au ni ukaguzi wa kucha? Kama ndilo, limeandikwa kwa namna ambayo wewe na mimi tungejua tunalivunja kabla hatujalivunja? Na mwisho, ni nani aliyeumizwa, na ameumizwa nini?

Waandishi wenzangu wa habari, nanyi nawasihi. Tusiishie kutangaza kwamba fulani anashikiliwa kwa mahojiano. Twende kituoni, twende mahakamani, tuisome hati kwa sauti, na kesi ikiahirishwa mara ya 5 tuseme imeahirishwa mara ya 5. Wengi wa hawa hawafungwi kwa hukumu. Wanachoshwa kwa dhamana, kwa tarehe, kwa nauli ya kwenda mahakamani na gharama za wakili, mpaka siku moja kesi inakufa na hakuna anayekumbuka ilianza na kicheko. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa anayecheza kwake akijikuta anakaguliwa laini ya simu, walau sisi tuliocheka naye tusikubali kuambiwa kwamba shida ilikuwa laini.

Muda wangu umekwisha. Kama una maoni, hata ya kunipinga, tuandikie, na juma lijalo tutasoma baadhi yake hapa hapa kabla ya mada mpya.